Lifti Itapona Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari, msimamizi wangu wa utafiti pale chuoni, ameniita ofisini na kuniuliza swali moja tu: data iko wapi? Nikamkabidhi jalada. Jalada zuri, lina kichwa kilichokolezwa wino: "Ikolojia ya Mawasiliano katika Jengo la Makazi: Habari Husafiri Vipi kati ya Ngazi na Simu?" Akafungua. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja wa shukrani. Yeye nimemshukuru wa kwanza kabisa. Hakulainika. Akasema Ijumaa ya wiki ijayo kila mtu atawasilisha mbele ya darasa, na asiye na data atarudia mwaka.

Kurudia mwaka! Shangazi atanizika nikiwa hai. Ndiye anayenisomesha, nakaa kwake ghorofa ya pili, na ameshawatangazia wapangaji wote kwamba mimi nakaribia kuwa daktari. Wawili wameshanionyesha vipele vyao.

Mlangoni nikapishana na Kamusi, mwanafunzi mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu haongei, anafafanua. Akaniambia kwa sauti ya msibani kwamba yeye ameshamaliza mahojiano, sasa "anachakata". Nikamwambia na mimi nachakata. Akauliza nachakata nini. Nikakohoa mpaka akaondoka.

Si kwamba sikujaribu. Niligawa hojaji jengo zima. Mama wa ghorofa ya tatu alisema yeye hajibu maswali ya serikali. Fundi cherehani wa pale chini aliikata yake ikawa kipimo cha kola. Kinyozi, jirani yake, aliijaza yote, lakini kila jibu ameandika "ndiyo", hata palipoulizwa umri.

Jioni hii, nikipanda ngazi huku nahema (lifti ilikufa kabla sijahamia hapa), wazo likanishukia. Habari hazitaki kuja kwangu? Basi nitazaa moja mwenyewe, niiachie humu jengoni, kisha niifuate nyumanyuma kama mtu anayemfuata kuku aone anatagia wapi. Habari ndogo. Njema. Isiyomdhuru mtu.

Nimepitiliza mlango wetu mpaka ghorofa ya nne. Nadhani ni akili.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata laini mpya ya simu. Nimeipa picha ya spana na jina la "Ofisi ya Matengenezo". Shangazi ndiye msimamizi wa kundi la wapangaji kwenye simu. Alipokuwa anakoroga sufuria nikamwambia nishike simu yake isije ikaingia mvuke. Nikaishika. Nikaiingiza Ofisi ya Matengenezo kundini. Jasho lilinitoka hata kwenye magoti.

Kisha, kutoka chooni, nikatuma: "Wapangaji wapendwa. Lifti itatengenezwa na kuanza kazi Jumamosi asubuhi. Asanteni kwa uvumilivu."

Nikasubiri mlipuko. Kimya. Kidole gumba kimoja kutoka kwa kinyozi, basi. Nikajiona nimekwisha. Nikatoka nikapunge upepo, na hapo ndipo nikasikia. Ngazi zilikuwa zinachemka! Watu wamesimama kila kona wanaambiana kile ambacho kila mmoja ameshakisoma. Hakuna anayejibu kwenye simu, wote wanajibu ngazini. Huu ni ugunduzi! Nikakimbilia kalamu.

Kinyozi anasema lifti inatoka ng'ambo. Fundi cherehani anasema ina kioo, mtu atajiona mgongo. Mama wa ghorofa ya tatu akawatazama wote kwa masikitiko, akauliza wanadhani kioo cha ng'ambo ni cha bure. Kodi itapanda, akasema. Subirini muone.

Neno hilo likashuka mpaka chini na kupanda tena mpaka juu kabla sijamaliza kuliandika.

Habari isiyomdhuru mtu, nilisema. Sijala chakula cha jioni. Shangazi kanishika paji la uso.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Wapangaji wameunda msafara kwenda kwa wakala wa mwenye nyumba kupinga kodi kupanda. Kiongozi wa msafara ni Shangazi. Alivaa viatu vya kisigino. Nikaenda nao, maana kubaki kungeonekana vibaya, na kwenda ilikuwa mbaya vilevile.

Wakala ni mtu mwembamba, mwenye sauti ya kuomba radhi. Akaapa kwamba hakuna kodi inayopanda. Watu wakashusha pumzi. Kisha akaapa kwamba hakuna lifti pia. Watu wakatazamana. Njiani kurudi, Shangazi akaeleza. Wakala huyu, alisema, hata bomba likipasuka hukana kwamba kuna maji. Akikana kitu, ujue kipo. Wote wakakubali. Sasa hata waliokuwa na shaka wanaamini.

Hayo si mabaya bado. Mchana tumekaa sebuleni, Shangazi anaeleza tena jinsi alivyompa wakala vidonge vyake, mara mfuko wangu ukaanza kuita. Laini mpya! Wakala, aliyeonyeshwa namba na msafara, anaipigia Ofisi ya Matengenezo! Shangazi akaniuliza tangu lini nina simu inayolia kama kengele ya shule. Nikasema ni kengele ya kunikumbusha kusoma. Akauliza mbona siendi kusoma.

Nikaenda kusoma. Nimekaa na kitabu kichwa chini miguu juu, mpaka alipokigeuza mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi wa ghorofa ya tano ameniita. Magoti yake yalikataa ngazi zamani, hashuki, huletewa kila kitu. Kila akiniona huniita mume wangu, na mimi humwuliza mahari yangu iko wapi. Leo sikuweza kutania. Nilimkuta amepanga viatu vitatu tofauti kitandani, anataka nimsaidie kuchagua cha Jumamosi.

Ana dada yake mkubwa, anakaa mitaa michache tu kutoka hapa. Dada masikio yamekufa. Simu kwake ni ubao. Bibi humpigia, dada husema "haloo, haloo, nani wewe?", kisha hukata kwa hasira. Hawajaonana tangu lifti ilipokufa. Sasa Bibi ameshamtuma muuza matunda apeleke salamu kwa dada, kwa ishara za mikono ikibidi: Jumamosi nakuja.

Nikamwambia, Bibi, pengine ule ujumbe si wa kweli. Siku hizi watu wanatunga. Akacheka. "Mume wangu, mwongo hawezi kukushukuru kwa uvumilivu wako. Yule ni mtu mwenye adabu."

Mwenye adabu!

Nikashuka mbio. Safari hii kwa laini yangu halisi, kwa jina langu, nikaandika kundini: jamani, tusiamini kila tunachotumiwa, huenda lifti haipo. Nikaketi kusubiri shukrani.

Mama wa ghorofa ya tatu akaandika kwamba vijana wa leo wana husuda. Fundi cherehani akauliza nimelipwa na nani. Kinyozi akaweka kile kidole gumba, lakini kimeelekea chini. Kisha Shangazi, shangazi yangu wa damu, akanitoa kundini. Nikamfuata jikoni kulalamika. Akasema kundi halina ndugu, na kazi yake ni kulinda amani.

Ofisi ya Matengenezo bado imo. Na inaheshimika.

Ijumaa, 7 Machi

Darasani leo nilitaka ardhi inimeze. Kamusi amesimama na kutangaza kwamba amebadili sehemu ya utafiti wake. Gauni lake linashonwa kwa fundi cherehani mmoja, na huko amekuta "uvumi hai, katika mazingira yake asilia". Akausoma ujumbe wangu kwa sauti. Mpaka "asanteni kwa uvumilivu". Daktari alikuwa ameshika kidevu kwa raha. Akasema mtu aliyeandika vile anajua sana watu.

Nilijivuna. Kidogo. Kisha nikakumbuka kuogopa.

Daktari akageuka. Si wewe unakaa kwenye jengo hilo? Nikasema ndiyo. Hukuona lolote? Nikasema sikuona. Akasema, "Kijana, wewe umekaa ndani ya mto, halafu unaomba maji ya kunawa." Darasa zima likacheka. Kamusi alicheka kwa ufafanuzi.

Kesho anakuja na kinasa sauti. Kwenye jengo langu! Kwa uvumi wangu! Nikisema ni wangu, nafukuzwa. Nikinyamaza, anapata alama zangu. Sijui lipi linaniuma zaidi. Nimejipima: la pili.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ndefu kuliko zote.

Asubuhi ukumbi wa chini ulijaa. Watu wamenyoa, wamejipulizia manukato. Kinyozi amebandika tangazo dukani kwake: "Nyoa kwanza, upande lifti ukiwa nadhifu." Kamusi alikuwa anachomeka kinasa sauti kwenye kila kinywa kilichofunguka. Wakala akaja mbio kuapa tena kwamba hakuna lifti. Walipomwona wakampigia makofi, wakidhani amekuja kuifungua. Maskini, alipunga mkono. Nadhani hajawahi kupigiwa makofi.

Jua likapanda. Mlango wa lifti haukutikisika. Makofi yakawa minong'ono, minong'ono ikawa miayo, mwisho watu wakaanza kupanda ngazi wakivua viatu. Wakala akasoma tangazo la kinyozi mara mbili, akalipiga picha.

Nikamkumbuka Bibi. Nikapanda.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango wa lifti wa ghorofa ya tano. Kanga mpya, mkoba magotini, kile kiatu tulichochagua pamoja. Kidole kwenye kitufe. Anabonyeza, anangoja, anabonyeza.

Akaniambia pengine imekwama njiani.

Nikakaa chini pale sakafuni karibu naye. Akasema dada yake hapendi kungojeshwa, tangu utotoni. Akasema pia kwamba mwaka huu dada hakumtambua mtu aliyempelekea salamu za sikukuu, na kwamba akili nayo ina milango, hufungwa mmojammoja. Alisema hivyo huku anabonyeza kitufe.

Nikainuka, nikashuka, nikamvuta kinyozi kwenye duka lake na fundi cherehani kwenye mashine yake. Hatukujadiliana. Tukamfunga Bibi kwenye kiti kwa mkanda wa kupimia nguo na leso mbili. Mimi nikashika nyuma. Kila kona ya ngazi Bibi aliamuru, "Polepole, sijaolewa na mzigo." Ghorofa ya tatu fundi cherehani alitaka kufa. Ya pili nilitaka kufa mimi. Shangazi akafungua mlango, akatuona, akaacha mwiko ukaanguka.

Tulipofika barabarani, dada alikuwa anakuja mwenyewe. Mdogo wa mwili, amepinda, fimbo mkononi, muuza matunda anamwongoza kwa kiwiko. Akasimama mbele ya kiti. Akamtazama Bibi muda. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Umezeeka!" Bibi akajibu, "Na wewe unanuka vitunguu!" Dada hakusikia. Akamshika mashavu yote mawili, wakalia huku wanacheka, wakakaa pale kwenye kona ya duka la kinyozi mpaka jua likageuka upande, mmoja anapiga kelele masikioni, mwingine anajibu jambo lingine kabisa. Walielewana vizuri sana.

Tulipokuwa tunampandisha tena, Bibi akaniuliza nani aliyeandika ule ujumbe. Nikasema hajulikani. Akasema akimpata atambusu, kisha atamchapa bakora. Akafikiri. Au bakora kwanza.

Mgongo umekatika. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Jumapili, 9 Machi

Wakala hakupiga picha ile bure. Amekuja na mlinzi wake na kumwambia kinyozi kwamba ndiye aliyetunga lifti, ili apate wateja. Tangazo ndilo ushahidi. Asipojitetea ifikapo kesho, afungashe viti na vioo vyake aondoke.

Kinyozi hakubishana. Alikaa tu kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo chake mwenyewe. Ana mke mjamzito. Jana aliniwekea bega chini ya Bibi bila kuuliza kwa nini.

Nimepanga njia za kutoka. Ya kwanza: laini mpya iandike kwamba Ofisi ya Matengenezo ilikosea jengo. Ya pili: nisingizie mtandao umedukuliwa. Ya tatu: niumwe. Nimejaribu ya tatu. Shangazi akanichemshia kitu kichungu, nikapona papo hapo.

Ya nne siipendi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema.

Nilimfuata Shangazi jikoni kabla hajaenda kazini. Niliyasema yote kwa pumzi moja, nikiwa nimetazama jiko. Alizima jiko kwanza. Kisha akavua kandambili. Ya kwanza ilinipata begani, ya pili ilipiga friji. Halafu akaketi kwenye kiti, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Akasema alimsemesha wakala maneno yale yote kwa ajili ya uongo wangu. Na alivaa visigino! Akasema kitu kibaya zaidi: kwamba yeye aliamini, na alifurahi, kwa sababu magoti yake nayo yameanza.

Hilo sikuwa najua. Nilijua jinsi habari zinavyopanda ngazi. Yeye anavyozipanda sikuwahi kumtazama.

Hukumu: nikamwombe kinyozi radhi uso kwa uso. Nikaungame kwa wakala. Nikaungame kundini. Na kila Jumamosi nitamshusha Bibi na kumpandisha, mpaka nihitimu au nife.

Kinyozi akasikiliza, akanyoosha mkono, akauweka kichwani kwangu, nikadhani ananisamehe. Ndiyo, alinisamehe. Lakini kwanza alininyoa upara.

Wakala aliandika maelezo yangu, akaniita mhuni, akamwachia kinyozi duka lake. Nikashusha pumzi niliyoibana tangu Jumanne ile.

Halafu Shangazi akanirudisha kundini. Nikaandika: ni mimi, lifti haikuwahi kuwepo, nisameheni.

Hawakuamini! Mama wa ghorofa ya tatu akaandika kwamba nimetishwa. Fundi cherehani akasema tazameni, wamemnyoa hadi nywele. Sasa inasemekana ngazini kwamba lifti ilifika kweli, wakala akaiuza, na mimi nimetolewa kafara kuficha jambo. Watu wananipa mkono. Mmoja kaniletea maembe. Wameniteua msimamizi wa pili wa kundi, kwa ujasiri.

Shangazi anasaga meno. Mimi nimekula embe. Sikujua nifanye nini tena.

Jumatano, 12 Machi

Daktari anajua. Kamusi alipowasikiliza wapangaji wote, njia zote zilirudi kwenye mlango wetu.

Nilitarajia kelele. Daktari alisema polepole, na hiyo ni mbaya zaidi. Watu si panya wa maabara, akasema. Hujawauliza, hujawaambia, umemkalisha mama mzee mbele ya mlango uliokufa. Data yote ya uvumi ule siruhusiwi kuigusa. Nikauliza hata ile ya ngazini, iliyo nzuri sana? Akanitazama mpaka nikaomba radhi.

Nikadhani ndiyo mwisho. Lakini alivua miwani, akasema amesikia pia kuhusu kiti. Sitarudia mwaka. Nimeongezewa muda hadi mwisho wa mwezi. Nikae ngazini, niombe ruhusa, nisikilize. Basi. Nisitunge chochote, nisisukume chochote. Kusikiliza tu.

Nilitoka miguu ikiwa myepesi. Niliapa mbele ya mlango wake. Niliapa tena mbele ya geti, kwa sauti, mlinzi akadhani namwambia yeye.

Ijumaa, 14 Machi

Kamusi amewasilisha. Makofi mengi. Mimi nimo kwenye kazi yake kama "Chanzo, mwanamume, mwenye wasiwasi". Maneno manne! Daktari amesema ni kazi bora ya mwaka.

Nimejaribu kusikiliza. Wallahi nimejaribu, jana na leo. Nimekaa ngazini na kalamu, nimeomba ruhusa kwa kila mtu. Wakiombwa ruhusa wananyamaza! Wananisalimia, wanauliza hali ya upara, wanapita. Mama wa ghorofa ya tatu amenipitia mara kadhaa akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mwisho wa mwezi unakuja mbio.

Nimekaa nikatafakari kwa kina, kama msomi, kosa langu lilikuwa wapi. Na nimelipata. Kosa lilikuwa lifti! Lifti ina mlango. Mtu anaweza kuweka kiti mbele yake akangoja. Kitu kinachofaa ni kile kisichoonekana, ambacho hata kisipokuwepo hakuna anayeweza kukaa mbele yake na mkoba magotini. Hapo nani ataumia? Na wala si kutunga. Ni kuwachangamsha kidogo ili wapate la kusema, kisha nisikilize, kama nilivyoagizwa.

Sasa mimi ni msimamizi wa kundi, sihitaji simu ya mtu. Laini mpya nyingine. Picha ya mnara. "Wapangaji wapendwa. Kuanzia leo jengo zima lina waifai ya bure. Asanteni kwa kutuamini."

Nimeketi ngazini. Kinyozi amepita akasema simu yake tayari ina kasi ya ajabu. Fundi cherehani amesema ya kwake pia, ila ikifika karibu na dirisha. Naandika haraka haraka, mkono hautoshi. Data! Data kila upande!

Shangazi ananiita kutoka jikoni. Anataka paswedi ya waifai.